Mia Tano na Kumi na Nane

Baba hupaza sauti kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya reli.
Hajui. Majirani wa Kampemba wanadhani tunagombana
kila jioni, saa ya bukari.
"Leta kaye!"
Nami naleta daftari,
penseli imefungwa kwa uzi wa kiatu,
naandika polepole, herufi kubwa kubwa,
maana leo ameuliza jambo zito:
"Haya mawe mawili kichwani mwangu, nani aliyaweka?"

Shangazi Feza ana jibu lake. Ana jina la mtu, na nyumba, na mlango.
Mimi nina karatasi za chuo na chai iliyopoa.

Naandika: Si mawe. Ni nyama yako mwenyewe
iliyoota juu ya neva za kusikia, moja kushoto, moja kulia,
kama waya uliovimba ndani ya ganda lake.

Naandika: Kila seli ina mlinzi. Jina lake merlini.
Seli zikibanana bega kwa bega, yeye husema: basi,
nafasi imejaa, asizaliwe mwingine.

Baba anasoma, kidole kikifuata mstari.
"Kama mimi kwenye mkono wa ishara."
Kama wewe. Miaka thelathini na mmoja
mkono wa chuma ukilala, treni inasimama,
hata iwe na shaba ya watu wenye haraka.

Naandika: Ishara ya kukua ikifika ukutani mwa seli
haiingii yenyewe. Hupokezanwa,
protini kwa protini, na anayepokea hupachikwa
kitu kidogo mno, fosfeti,
fosforasi ile ile ya ubavuni mwa kiberiti;
na kwa chembe hiyo aliyelala anaamka,
au aliyesimama anaketi.
Merlini ni wa hawa wanaoketi.
Kimeng'enya humpachika mahali pamoja,
serini ya mia tano na kumi na nane,
naye analegea, njia inafunguka.
Kimeng'enya kingine huibandua. Anarudi kazini.

Baba ananishika mkono. Penseli inasimama.
"Mia tano na kumi na nane?
Ile ilikuwa ya mizigo! Ya Likasi! Breki mbovu,
mara mbili nusura iniue!"
Anacheka hadi glasi zinatetemeka kabatini.
Siandiki kitu. Kuna kicheko kisichotaka maelezo.

Halafu: Kwako hakuna hata wa kupachikwa.
Ukurasa wa kumtengeneza ulichanika kabla hujazaliwa.
Nakala ya pili ilipotea baadaye,
katika seli moja huku, seli moja kule,
labda siku ya kawaida tu, ukinyoa ndevu.
Tangu hapo ni kijani. Treni, treni, treni.
Hakuna aliyekuroga.
Hapo napiga mstari, mara mbili.

Anaichukua penseli.
Yeye mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima
anaandika, kwa mara ya kwanza:
Na wewe?

Bahasha iko chini ya godoro tangu wiki ya Pasaka.
Nusu kwa nusu, alisema Daktari Mukalay, kama kurusha sarafu,
akapapasa mfukoni, akakumbuka
kwamba nchi hii haina sarafu tena,
noti tu, laini kama vitambaa.

Naandika: Sijui.
Ni kweli, tena ni uongo kidogo.
Kila usiku naweka saa ya marehemu mama
kwenye sikio hili, kisha lile,
kisha narudia hili, kwa kuwa sikuridhika.

Baba hasemi neno. Anavua ndala,
anakanyaga saruji kwa nyayo tupu,
anainua kidole, kama zamani aliponifundisha kusubiri.
"Inakuja," anasema. "Nzito. Imechelewa dakika nne."

Nakaza masikio. Mbwa.
Jenereta la jirani. Mtoto analilia sukari.

Kisha, baadaye sana,
honi.